Mwalimu wa Kuchechemea

Mwaka ule wa 2001, katika shule ya juu ya utabibu mjini Butembo, palibandikwa karatasi ukutani kwa uji wa muhogo, maana gundi ilikuwa imezuiwa na vita. Karatasi ilisema kuna nafasi moja ya assistant katika fani ya kine, ile kazi ya kuvizoeza viungo vilivyovunjika au kulegea mpaka virudie wajibu wao. Atakayeipata atawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na yeye mwenyewe ataendelea na masomo bila kulipa ada.

Hulda Kyakimwa aliisoma mara tatu. Alikuwa anamaliza mwaka wa tatu. Baba yake alikuwa mwinjilisti mwenye watoto tisa, na shamba lao lilikuwa upande ambako watu hawakuthubutu tena kwenda kulima. Bila nafasi ile masomo yangeishia hapo. Aliitaka kwa moyo wake wote, na mimi sioni la kumlaumu.

Sharti lilikuwa moja: kila mwombaji alete mbele ya walimu mgonjwa aliyemsimamisha mwenyewe, naye atembee toka ukuta hadi ukuta bila gongo. Hulda alikuwa naye mgonjwa wake. Aliitwa Papa Ananie Vagheni, mchuuzi wa Bulengera, ambaye chukudu lake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, lilimwangukia pamoja na magunia mawili ya viazi likamvunja paja. Miezi minane Hulda alimkunja na kumkunjua mguu huku mzee akiwataja manabii wote kwa majina. Mguu ukapona, ukawa mzuri kuliko mwenzake.

Shida ni kwamba Papa Ananie hakutaka kupona.

Kwenye barabara ya Beni kulikuwa na kizuizi cha askari. Lori likifika hapo abiria wote hushuka, huvuka kwa miguu na mizigo yao, na askari hufungua kila mfuko wakajichagulia wanachopenda: sabuni, chumvi, hata kandambili. Vilema tu ndio waliopita bila kufunguliwa mzigo. Ilikuwa amri ya kamanda, na hakuna aliyejua sababu yake. Wakati wa vita ukiona jambo jema limepita, huliulizi linatoka wapi. Tangu avunjike paja, Papa Ananie hakuwahi kupoteza hata kipande cha sabuni.

"Mama kine," alimwambia Hulda, "mguu umepona, Mungu akubariki. Mais kama natembea muzuri mbele ya batu, biashara inakufa. Batoto yangu batakula nini? Batakula kupona?"

Walivutana wiki nzima, mwisho wakapatana. Mzee atatembea wima mbele ya walimu, milango ikiwa imefungwa. Naye Hulda atawasaidia wachuuzi wenzake, ambao walikuwa wameanza kuchechemea kwa kujitungia, na kwa kweli walichechemea vibaya. Mmoja wao, Muyisa, alisahau akabadilisha mguu katikati ya kizuizi. Alipigwa, na gunia zima likaenda. Walihitaji mtaalamu.

Hata baada ya kukubali, siku mbili Hulda alikasirika, akasema hakusoma miaka mitatu ili aje kuwalemaza watu wazima. Siku ya tatu aliomba kwa baba yake ufunguo wa kanisa, akidai ana kipindi cha mazoezi ya viungo, na hilo halikuwa uongo mtupu. Akawapanga wachuuzi kati ya mabenchi. Huyu akampa nyonga, yule goti, mwingine wayo unaoburuta. Aliwakataza kuugulia kila hatua, kwa kuwa mgonjwa halisi hana pumzi ya kupoteza. Akawarudisha mlangoni mara kumi, mara ishirini, mpaka jasho likawatoka. Nakuambia, pale shuleni hapakuwa na wanafunzi waliosoma kwa bidii kama wale. Mwezi ulipokwisha walikuwa wamefika ishirini.

Papa Ananie alitimiza ahadi. Alitembea mbele ya walimu kama bwana harusi, na Hulda akachaguliwa. Wa pili akawa Onésime Syauswa, kijana nadhifu aliyempa mkono huku akiangalia pembeni.

Ulibaki muhuri. Bila muhuri wa utawala, jina la Hulda lilikuwa wino tu. Na mkubwa aliyekuwa akiutunza alikuwa amekimbia, akamwachia kamanda wa kizuizi kilekile, Commandant Jéthro, ambaye aliuweka katika mfuko wa shati pamoja na sigara zake. Watu walikwenda kizuizini kugongewa hati za ndoa.

Kamanda aliisoma barua ya shule, akafurahi kumpata mtaalamu. Alimweleza Hulda kwamba vilema wamemzidi. Zamani walikuwa watatu, siku hizi lori zima linashuka likichechemea. Basi Hulda asimame naye siku ya soko, amwonyeshe walio waongo, naye atagonga muhuri palepale. Akishindwa, muhuri utamwendea Onésime. Na Onésime aliitwa aje akae tayari.

Siku ikafika. Lori lilitoka Beni alasiri, likasimama, abiria wakashuka na chumvi zao na sabuni zao. Papa Ananie alitangulia. Hulda alimtazama akaona fahari, halafu hofu, maana hakuwa na kasoro hata moja. Akasema ni paja, ni kweli. Wa pili, nyonga, kweli. Wa tatu, goti, kweli. Muyisa mwenyewe alipita akiburuta wayo vizuri hata Hulda akakaribia kumpa alama. Ishirini walipita, na kwa kila mmoja kamanda alizidi kukunja uso.

Nyuma yao akaja Mama Eliane Kahongya na dumu la mafuta ya mawese kichwani. Polio ilimshika akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo alikuwa ametembea miaka arobaini kwa ufundi wake mwenyewe: mguu unazungushwa kwa nje, mkono unasukuma paja, mwili unafuata. Alikwenda mbio, akicheka na kuwasalimia askari kwa majina.

Kamanda akamnyooshea kidole. "Uyu ni faux, ni wa uongo. Haitembei sawa bengine."

Askari wakamshusha dumu, wakamshika mikono. Hulda akasema upesi kwamba huyo ni mlemavu wa kweli, amjua tangu utotoni. Kamanda akamgeukia.

"Donc bale makumi mbili ni ba uongo," alisema. "Ao uyu, ao bale. Chagua, mademoiselle."

Mama Eliane aliacha kucheka. Ng'ambo ya kizuizi wale ishirini walisimama, kila mmoja ameegemea mguu aliopewa. Hulda aliona nafasi yake imelala ndani ya mfuko wa shati la mtu, hatua mbili tu mbele yake. Lakini tangu asubuhi alikuwa ameona jambo jingine pia. Ndiyo ubaya wa kazi ya kine, huwezi kuyazuia macho. Kamanda hakuwahi kutembea hatua kumi mfululizo. Na kila alipotembea, mguu wa kulia ulizungushwa kwa nje, na mkono ulisukuma paja.

"Mon commandant," Hulda alisema polepole, "ule mama anatembea kama weye. Kama yeye ni faux, na weye ni faux."

Askari waliangalia chini, na kule chini wakakutana na mguu wa kamanda, mguu ambao toka upigwe risasi hakuna aliyethubutu kuutaja.

"Leka," kamanda alisema mwishoni. Wapite. Wote, bila kufungua mfuko. Kisha akatoa muhuri, akaupulizia, akaita Onésime, akamgongea barua yake juu ya mgongo wa askari.

"Assistant anaangalia miguu ya bagonjwa," alimwambia Hulda. "Ya mukubwa haiangaliwe."

Hulda alivuka akawafuata wachuuzi. Lori liliwangoja baada ya kona, na kwa desturi wakishaipita kona huponea palepale, wakakimbilia viti. Siku hiyo hakuna aliyekimbia. Walimzunguka wakichechemea vilevile, wote ishirini. Akawaambia askari hawawaoni tena, watembee.

"Tunajua," Papa Ananie alijibu. "Mais leo tunasikia haya ya kupona, mama kine."

Hulda akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, akalia kwa sauti kwa ajili ya nafasi yake. Hawakumharakisha. Mama Eliane peke yake alikuwa amekwisha kufika kwenye lori na dumu lake, na alikuwa akigombana na dereva amwachie Hulda kiti cha mbele.