Tabaga Iliyovimba

Mama mkwe wangu, Kulusum, hawezi kukaa na mikono mitupu. Asubuhi anakaanga gurusa, chapati zao za maji, za kunywea chai, mchana yuko na mchuzi wa bamia, na baada ya alasiri anatandika mkeka barazani kwetu Kawempe, Kampala, anachukua sindano na ukindu wa rangi, anasuka tabaga. Sisi wa ukoo wa pwani tungesema kawa, kile kifuniko cha chakula. Yeye ni Mnubi, na ukisema kawa anakutazama kama umemtukana. Ukifika kwa wenye chongo fumba lako jicho. Tangu niolewe na mwanawe Latif, nasema tabaga.

Kurani anaisoma vizuri kunishinda, ila shule hakuiona. Kwa hiyo mimi ndiye msomaji wa hadithi. Mwaka huu nilinunua, kwa muuza vitabu wa kando ya barabara mtaani Nakivubo, riwaya kuukuu ya nesi aliyesingiziwa kumuua mgonjwa. Nilikuwa nasoma huku mchuzi ukichemka, naye anasuka. Nikifika pabaya anasema, "Ngoja!" Kabla sijapumua anasema, "Endelea basi! Unangoja nini?"

Tabaga aliyokuwa akiisuka ilikuwa ya Nabilah, kitinda mimba wake, aliyeposwa na kijana wa mji wa Bombo. Chakula cha arusi kikitoka kwetu, wanawake wa kwa bwana arusi hutazama kifuniko kwanza. Na mama wa bwana arusi, Hajati Rukiah, ni msusi hodari mwenye ulimi mkali. Alikuwa amekwisha kusema kwamba wanawake wa Kampala wamesahau sindano, siku hizi wanafunika chakula kwa plastiki. Maneno hayo yalitufikia upesi. Mama alikasirika, lakini zaidi aliogopa. Tabaga ikiharibika, atakayesimangwa katika nyumba ile kila siku ni Nabilah.

Wiki moja kabla ya arusi tuliiweka juu ya sinia tuijaribu. Tabaga hutakiwa ilale bapa; hii haikulala. Pembeni ilikaa sawa, lakini katikati iliinuka kama kichuguu.

"Mama, hii imekuwa kofia," Nabilah alisema, akaanza kulia.

Mama aliipapasa mzunguko kwa mzunguko. Palipoinuka ukindu ulikuwa umekazwa hadi ukucha hauingii. Alinigeukia. "Mariamu, hapa ulikuwa unasoma nini?"

Nikakumbuka. Hapo ndipo polisi walipomchukua nesi mbele ya watoto wake.

"Banange," alisema. "Ni wewe na hicho kitabu chako! Weka kabatini."

Kosa likawa langu, kana kwamba mimi ndiye niliyeshika sindano. Nilikiweka kabatini. Akafumua hadi karibu na katikati, ila mizunguko michache iliyokazwa sana haikukubali kufumuka, akaanza upya kutoka hapo bila kusomewa. Ikawa mbaya zaidi: sasa ukindu ulilegea, na nilimwona akisuka huku macho yakiwa kwenye kabati. Siku ya pili aliniambia nisome, lakini sehemu za amani tu. Nilitafuta. Katika kitabu kizima niliona karamu moja na mahali nesi anapopika maharage. Nilimsomea yale maharage mara tatu.

"Hayo maharage hayaivi?" alisema, akatupa sindano. "Kale, haya, nisomee yote. Leo. Sitashika kitu."

Basi tulikaa tangu mchana hadi magharibi, yeye na mikono mapajani, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mchuzi ukaungua na hakuna aliyeinuka. Tulipofika mwisho alijifuta uso kwa ushungi, akaenda kuswali. Kesho yake aliimalizia tabaga kwa mkono mtulivu, lakini muda wa kufumua tena haukuwepo. Katikati iliinuka bado, kidogo kuliko mwanzo, ila mwenye jicho angeiona.

Na Rukiah alikuwa na jicho. Tulipotua sinia Bombo, wanawake wamejaa chumbani, hakugusa chakula. Aliinyanyua tabaga, akaigeuza, akaibonyeza katikati kwa kidole gumba. Nabilah alikuwa ameketi kwenye busati, kichwa chini, na nilimhurumia kweli. Wengine walianza kukonyezana.

"Hajati," Rukiah alimwambia Mama, "mkono wako ni mzuri. Lakini hapa iko na shida. Hapa ulikasirika?"

Nilidhani Mama angesingizia ukindu, au macho, au mimi. Mimi nilikuwa tayari kubeba lawama.

"Hapo walimfunga mama wa watu bila kosa," Mama alijibu. "Kwa kitabu. Mariamu alikuwa ananisomea. Nilivuta ukindu bila kujua."

Mwanamke mmoja alicheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Rukiah alipitisha kidole polepole kwenye mizunguko ile iliyokazwa, kisha akahesabu kwa ukucha ile iliyofuata, iliyolegea, mpaka pale iliporudi sawa.

"Alikuwa na watoto?"

"Watatu. Wadogo."

"Alitoka?"

"Hajati, nikikwambia hivyo tu nitaiharibu hadithi," Mama alisema. "Inataka kuanza mwanzo."

Rukiah aliirudisha tabaga na uvimbe wake juu ya sinia ili mchuzi usipoe, akamsogeza Nabilah kidogo kwenye busati, akaketi kando yake.

"Anza," alimwambia Mama.