Kipimo cha Vidole

Donat Kapya ana miaka arobaini na sita, na nusu ya maisha yake ameendesha lori la samaki kati ya Kasenga na Lubumbashi. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alimkataza kuendesha akiwa na hasira. Kuhusu macho hakumwambia kitu.

Miaka miwili iliyopita kichwa kilianza kumuuma kila asubuhi, nyuma ya macho. Picha ya IRM, mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, ilionyesha mfuko mdogo wa majimaji chini ya ubongo, karibu na tezi inayoongoza homoni za mwili. Daktari Mwila, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliwaeleza Donat na mkewe Martine, mama wa binti yao Syntiche, kwamba haikuwa kansa. Lakini mfuko ulikaa chini kidogo ya mahali ambapo mishipa ya macho hukutana. Ukikua, utaibana, na Donat ataanza kupoteza kuona kwa pembeni, kidogo kidogo, bila maumivu.

Njia zilikuwa mbili. Kupasua kwa kupitia puani na kutoa majimaji. Lakini tezi inaweza kujeruhiwa, na mgonjwa akameza dawa maisha yake yote. Au kungoja na kuchunguza, maana mifuko mingi ya aina hiyo haikui, na mingine hunywea yenyewe. Kwa ukubwa ule, daktari alishauri kuchunguza: IRM kila mwaka, kipimo cha macho hospitalini kila miezi sita, na nyumbani kipimo cha vidole.

"Kungoja si kusahau," alisema. "Pembeni pakipungua, mnakuja siku hiyo hiyo."

Kipimo chenyewe alimfundisha Martine. Donat anafunika jicho moja na kumtazama mkewe puani. Mke anachezesha vidole pembeni. Donat anasema anapoviona. Wakawa wanapima kila Jumapili baada ya misa, Martine akiwa bado na nguo za kanisani na bangili za shaba alizoachiwa na mama yake, mikono yote miwili.

"Sasa?"

"Iko kushoto."

"Na huku?"

"Kuume. Mama Syntiche, niache nikule, bukari inapola," alisema Donat na kuuvuta ugali."

Hakukosea hata mara moja. Majibu yalikuwa mazuri kiasi kwamba hospitali ilionekana inaweza kusubiri. Kipimo cha macho kiliahirishwa kwa sababu samaki walikuwa wengi. IRM kwa sababu lori liliharibika njiani, Kasomeno. "Tunapima nyumbani," Donat alisema, na ilikuwa kweli.

Mambo mengine yalipata maelezo. Kioo cha kushoto cha lori kilivunjika kwenye nguzo ya kizuizi: nguzo ilisimikwa vibaya. Glasi ilianguka mezani: meza ni ndogo. Asubuhi moja Guelord, shemeji yake, mdogo wake Martine, anayesafiri naye kulinda mzigo, alimnyooshea mkono kutoka pembeni, na mkono ukabaki hewani.

"Eh, beau-frère! Umekuwa boss? Hausalimie tena bantu badogo?"

"Sikukuona."

"Miye huyu, na tumbo yote hii?"

Walicheka. Lakini tangu siku ile Guelord, akikaa kiti cha kuume, alianza kutaja kwa sauti kila kitu kilichotokea upande wake wa barabara: mbuzi, watoto, baiskeli za wauza mkaa. Donat alimwambia anyamaze. Hakunyamaza.

Mwezi wa tano mama mdogo wa Martine alifariki. Katika familia yao mfiwa havai mapambo mpaka matanga yaishe, kwa hiyo Martine alivua bangili. Jumapili walikaa kupima kama kawaida. Donat alifunika jicho la kushoto, akaitazama pua ya mkewe, akangoja.

"Anza basi."

Martine alisogea karibu zaidi.

"Mama Syntiche, juu ya nini unaniangalia tu?"

"Nimekwisha kuanza."

"Mukono iko wapi?"

"Iko hapa. Iko hapa karibu na sikio yako, niko nachezesha vidole tangu ulikaa."

Walibadilisha jicho. Upande wa kushoto mambo yalikuwa yale yale.

"Bangili," Donat alisema mwishowe. "Nilikuwa nasikia bangili. Nilizania niko naona."

Kesho yake Daktari Mwila aliweka picha mpya kando ya ile ya zamani. Mfuko ulikuwa umepanda na kuisukuma mishipa ya macho. Katika karatasi ya kipimo, nusu ya nje ya kila jicho ilikuwa nyeusi.

"Kungoja kumekwisha," alisema. "Tunapasua wiki hii. Kinachobana tutakiondoa. Kuona kutarudi kiasi gani, siwezi kuahidi."

"Iko vile tangu lini?"

"Hatuna picha ya katikati. Hakuna anayejua." Kisha akauliza: "Uliendesha lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi. Kutoka Kasenga."

Daktari aliacha kuandika.

Kabla ya kulazwa, Donat alimwomba Guelord ampeleke kwenye uwanja linapolala lori. Upande wa kuume hakuutazama. Alikwenda wa kushoto, ambako hakukuwa na mtu wa kumtajia kitu, akaanza kuupapasa kwa kiganja kuanzia mlangoni, uso ukiwa karibu kabisa na bati.

"Hii ni ya lini?"

"Sijue, beau-frère. Lori yote iko na alama."

"Na hii?"

Guelord aliinama. Mkwaruzo ulikuwa mrefu, usawa wa usukani wa baiskeli, na ndani yake mlikuwa na vumbi jeusi la mkaa.

"Guelord, nakuuliza. Na hii?"