Kwangu Inafunguka

Wodini walimwita Injinia, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na babake. Babake alikuwa fundi redio, na nyumbani kwao kitu kikiharibika aliyechapwa ni yule aliyekishika mwisho. Basi Injinia akajifunza mapema kuhakikisha wa mwisho ni mtu mwingine. Tabia hiyo ilimpitisha chuoni, ikamwingiza hospitalini, na Jumatatu hiyo ilikuwa imebaki wiki moja tu athibitishwe kazini.

Mtihani wake ulikuwa seva mpya ya majina. Seva hiyo ni kama dada wa mapokezi: kompyuta inaitajia jina la mfumo wa wagonjwa, yenyewe inajibu namba ya mahali mfumo ulipo. Bila jibu, kompyuta inabaki kukodoa macho. Saa moja asubuhi Injinia akazima seva kuukuu, akawasha ya kwake, akavuta kiti kusubiri pongezi.

Zikaja simu. Maabara haifunguki. Wodi ya wazazi haifunguki. Dirisha la dawa foleni imefika nje, na muuguzi mkuu anauliza ni mwendawazimu gani kagusa mitambo.

Mkuu wa kitengo akaingia bila hodi. "Kuna nini?"

"Hata sielewi, bosi. Seva ukiiuliza yenyewe, inajibu. Na kwangu inafunguka, hebu ona." Akabofya, ukurasa wa wagonjwa ukatokea. "Seva nzima, mashine yangu nzima. Katikati kuna nini zaidi ya nyaya?"

Hapo alikuwa bado hajasema uongo. Aliamini.

Nyaya zote za jengo lile zilivutwa na mtu mmoja, Mzee Nyaya, miaka ishirini na sita juu ya ngazi mpaka magoti yakaisha. Faili lake lilikuwa na barua mbili za onyo, na mkuu hakuficha kwamba anaisubiri ya tatu kwa hamu. Ya tatu ni kufukuzwa, na kufukuzwa ni kuhama pia nyumba ya hospitali alimoishi na mkewe. Mkuu akamwita, akampa mpaka saa sita awe amerekebisha, mbele ya watu.

Mzee akamfuata Injinia kwenye korido. "Binti yangu, mambo yenu mimi siyajui. Lakini pale maabara nimeandika ile namba ya mfumo badala ya jina, ikafunguka. Kama waya umekufa, namba imepita wapi?"

Injinia akatazama kama kuna aliyesikia. "Hiyo haina maana, mzee. Usinifundishe kazi. Nenda kwenye nyaya zako."

Akarudi ofisini, akafunga mlango, akafungua orodha ndogo ndani ya kompyuta yake. Mstari ulikuwepo: jina la mfumo na namba yake, alioandika kwa mkono wiki ya majaribio, akausahau. Mashine yake haikuwahi kuiuliza seva kitu. Ilikuwa inajijibu yenyewe. Akaufuta, akabofya. Kimya. Kwenye mipangilio ya seva akalikuta kosa lenyewe: alikuwa ameiamuru isikilize maswali yake yenyewe tu. Dada wa mapokezi alikuwa kajifungia chooni, anaongea peke yake.

Kurekebisha ni dakika moja. Kusema "ni mimi" hakuchukui hata hiyo dakika. Nisikufiche, alilitamka neno hilo, taratibu, mlango ukiwa umefungwa. Kisha akainua simu.

"Mzee, kata vichwa vya nyaya zote pale maabara, ndiko za jengo zima zinakopitia, ufunge upya. Ukimaliza wa mwisho niambie."

Zilikuwa arobaini na nane. Mzee akapanda ngazi, mkuu amesimama chini yake, mikono nyuma. Ilipita saa nzima, na wagonjwa saa nzima wakarudishwa dirishani bila dawa. Mzee alipopiga simu kusema amefunga wa mwisho, Injinia alirekebisha mpangilio wa seva, akaiwasha upya.

"Imefunguka!" mtu wa maabara akapiga kelele.

"Kumbe," mkuu akasema, na barua ya tatu ikawa tayari kabla ya mzee kushuka ngazi.

Alasiri mzee akagonga mlango wa Injinia. Alikuwa amekwisha kukabidhi ngazi na koleo, na vidole vyake vilikuwa na mikato ya waya. Hakuketi.

"Binti yangu, nimekuja kuomba radhi. Asubuhi nilikubishia, na kumbe ni waya wangu. Ningekuharibia kazi wewe, na ndiyo kwanza unaanza maisha. Usiniweke moyoni."

Injinia alikuwa akijaza fomu ya kuthibitishwa. Aliinua kichwa, akamtazama usoni bila shida yoyote.

"Yameisha, mzee," akasema. "Nimekusamehe."