Saa Tulizomlipa Mtani

Siku aliyokuja kuchukua fedha za saa, mtani wangu alituambia waziwazi kwamba atazila. Alikuwa amekaa barazani kwangu hapa Chilangala, baiskeli yake imeegemezwa ukutani, na wanaume waliotoka kusali adhuhuri wamemzunguka.

"Nipeni fedha zenu, Wamakonde," alisema. "Nikifika Masasi naoa mke wa tatu. Msije kunitafuta."

"Mke gani atamkubali Myao mwenye miguu ya kuku?" mzee mmoja akamjibu.

"Atanikubali. Atakuwa Mmakonde, hawana macho."

Tukacheka, na mmoja baada ya mwingine tukatia mikono mifukoni. Mimi nilikuwa wa kwanza kutoa. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na msomaji wa dua katika misiba yao, wengine walitoa kwa kuniona mimi nimetoa.

Yeye alikuwa mtu wa Chiungutwa, kule bondeni upande wa Masasi. Makabila yetu ni watani tangu zamani za babu zetu. Mtani hukutukana ukacheka, hukamata kuku wako uani ukanyamaza, na siku ukifiwa huja kuchimba kaburi na kukuchekesha pale pale msibani, ili moyo usikupasuke. Mtani hakasirikiwi. Huyu wangu nilifahamiana naye tangu ujana wetu, na sidhani kama kuna siku tuliwahi kusalimiana kwa maneno mazuri.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo kijiji kizima kilikuwa na saa moja ya mkono, ya mzee aliyerudi nayo kutoka kwenye mashamba ya mkonge Tanga, nayo ilisimama siku aliyoitumbukiza kwenye ndoo. Mimi niliadhini kwa kuangalia kivuli cha kijiti nilichokisimika mbele ya msikiti, na siku za mawingu niliadhini kwa kukisia, nikimwomba Mungu anisamehe. Sasa vitu vilianza kuonekana: redio, sabuni za rangi, baiskeli mpya. Mtani alikuja na saa moja tu mkononi, ya mfano. Akaipitisha kwa kila mtu aitie sikioni. Tuliisikiliza kimya kama watu wanaosikiliza habari za mbali. Alisema kuna tajiri Dar es Salaam anayezileta kwa makatoni, ila hatoi mzigo kabla ya kulipwa.

Wenzangu wote waliagiza za kiume, kubwa. Mimi niliagiza ya kike.

Mke wangu ndiye aliyeitaka. Maji hapa juu uwandani ni shida ya miaka yote, na bomba letu lilikuwa likifunguliwa saa nane mchana, siku za kufunguliwa. Lakini nani alijua saa nane ni lini? Wanawake walikwenda asubuhi na kupanga ndoo, wakakaa. "Nikiwa na saa," aliniambia, "nitapika, nitapalilia, nitalala kidogo, halafu nitakwenda bombani kama bibi mkubwa." Katika miaka yote ya ndoa yetu sikumbuki kama aliwahi kuniomba kitu kingine cha kuvaa.

Mtani aliahidi kurudi kabla ya mvua. Mvua zikaja, zikaisha, tukavuna mtama. Mwanzoni kungoja kwenyewe kulikuwa mchezo. Mtu akitoka msikitini humwuliza mwenzake, "Saa ngapi sasa?" na mwenzake hujibu, "Kamwulize mke wa tatu wa Myao." Kidogo kidogo kicheko kikapungua. Wawili walikwenda kwa mtendaji wa kijiji kushtaki. Mtendaji akawauliza mtu huyo alisema nini alipopokea fedha zao. Wakamweleza. Alicheka mpaka akafuta macho, akawaambia, "Sasa mnamshtaki kwa kosa gani? La kusema kweli?"

Mimi sikwenda kushtaki. Nilikuwa na yakini atakuja, na nilikuwa na subira, au nilidhani ninayo.

Kisha mke wangu akaugua. Hakuugua sana, siku tisa tu, akarudi kwa Mola wake asubuhi ya Ijumaa. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimemshika mkono. Watani wengine walikuja kuchimba kaburi, vijana wa Kiyao waliooa huku, lakini walinistahi kwa sababu ya ualimu wangu, wakafanya kazi yao kwa adabu. Hakuna aliyenitukana. Tangu walipoanza kuchimba hadi tulipofukia, nilikuwa nikisikiliza kengele ya baiskeli njiani. Habari ilikuwa imepelekwa Chiungutwa. Hakuja.

"Amekula kweli," nilimsikia mtu akisema nyuma yangu tukitoka makaburini.

Mwenzake akamjibu, "Si alituambia."

Watoto wetu walikwisha kuolewa na kwenda mbali. Walikuja, wakalia, wakarudi makwao. Nikabaki na nyumba. Siku maji yalipokwisha mtungini nilichukua ndoo, nikaenda bombani asubuhi kama alivyokuwa akienda yeye. Wanawake walinisogezea nafasi, wakaacha kuzungumza. "Shikamoo, Maalimu," walisema mmoja mmoja. Nilikaa pale juu ya ndoo yangu nikiangalia bomba kavu, nikaelewa kwamba sehemu kubwa ya maisha ya mke wangu ilipita mahali hapa nami sikupajua. Nisingeweza hata kusema nimekaa saa ngapi.

Pale pale kwenye foleni ndipo nilipoona nimepoteza wawili. Mmoja alichukuliwa na Mungu, na hilo sina la kusema. Wa pili alikuwa hai Chiungutwa, na nisipomleta siku ya arobaini, basi sitakuwa naye tena. Saa sikuzitaka. Nilimtaka yeye.

Nilikwenda Newala kwa miguu, nikapata lori la kushuka bondeni. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akiziba pancha, amekonda. Aliponiona aliinuka, akafuta mikono, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.

Tulikuwa rika moja. Hakuwahi kuniamkia hivyo maishani mwake. Nilijibu "marahaba" kama ninavyowajibu watoto wa chuoni.

Akanipa kigoda, akaniambia yote. Tajiri wa Dar es Salaam alipokea fedha, akasema mzigo uko baharini. Mtani alikaa mjini wiki sita akishinda mlangoni pake, akauza saa ile ya mfano ili ale. Mpaka siku hiyo alikuwa akiambiwa angoje.

"Mnaningoja mimi," alisema, "na mimi nangoja."

"Msiba ulisikia?"

"Nilisikia. Nilifika mpaka Newala, nikageuza baiskeli."

"Kwa nini?"

"Wangeniuliza saa ziko wapi. Ningewaambia nimekula. Wangecheka?"

Nilikuwa nimefunga safari nikiwa na maneno ya dini tayari, ya subira na ya kusameheana, lakini nilipomtazama yale hayakutoka. Yaliyotoka ni mengine.

"Wewe Myao huna haya," nilisema. "Umeniacha nimzike mke wangu na watu wenye adabu."

Midomo yake ikaanza kucheza.

"Walichimba vizuri?"

"Kaburi limenyooka. Huwezi kuamini kama limechimbwa na Wayao."

Akageuza uso, akajifanya anatafuta pampu. Alipogeuka tena aliuliza, "Arobaini ni lini?"

Siku ya arobaini tulisoma hitima, wali ukapakuliwa, naye hakuonekana. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Ghafla kelele zikasikika uani kwa wanawake, na huyo anatokea, amejitanda kanga ya marehemu, ndoo tupu kichwani, akitembea kwa kuvuta mguu wa kushoto kidogo kama alivyotembea mke wangu. Wapo masheikh wasiopenda mambo haya, na siwabishii. Akapita katikati ya wanaume, akatua ndoo mbele yangu, akashika kiuno.

"Baba," alisema kwa sauti ile yenyewe, "nimekaa bombani tangu alfajiri. Ile saa yangu iko wapi?"

Watu waliacha kula, wakanitazama mimi. Halafu mzee yule aliyemtukania miguu ya kuku akaangua kicheko, na baraza zima likamfuata. "Kamwulize mke wa tatu," mtu akapaza sauti, na mtani akageuka na kumrushia kata ya maji ya kunawia. Mimi nilicheka nao. Nilicheka mpaka nikajikuta nalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Ijumaa, naye akakaa chini kando yangu na kanga yake kichwani, akala wali kwenye sahani yangu.

Katoni lilifika baada ya msimu mwingine wa korosho. Mtani alilibeba mwenyewe kutoka Masasi, tukalifungua barazani. Zote zilikuwa saa za kike, ndogo, za rangi ya dhahabu. Alisema tajiri amekataa kuzibadilisha. Basi wanaume wa Chilangala walivaa saa za kike, na mtani akapata maneno ya kuwatukania mpaka leo.

Mimi peke yangu ndiye niliyeletewa nilichoagiza.

Naivaa. Mkanda haukutosha, niliuongeza kwa uzi. Naadhini kwa saa yenyewe sasa, na nashukuru. Bomba linafunguliwa saa nane, nalijua hilo kwa dakika. Hata hivyo huchukua ndoo yangu asubuhi, nikaenda nikakaa.