Mfalme na Tisa kwenye Meza ya Kukatia

Katika karakana ile ya kushona sare, likizo ya mwisho wa mwaka ilikuwa na nafasi mbili tu, na walioitaka walikuwa watano. Kwa desturi ya pale, wakongwe ndio walioanza kuchagua. Mkata vitambaa, ambaye wote walimwita Mkasi kwa ukali wa mkono wake na wa ulimi pia, alikuwa ameajiriwa juzijuzi tu, hivyo likizo angeisikia kwa wenzake. Na binti yake, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa mji wa mbali, kila akipiga simu anauliza, "Mama, utakuja?"

Aliyemwokoa ni mpiga pasi, mkongwe kuliko wote, ambaye nafasi moja ilikuwa yake bila ubishi.

"Mwaka huu nafasi hizi tuzichezee karata, poka," alisema. "Mgeni naye ana roho."

Wengine walinuna, lakini nani angebishana na mzee aliyeitoa haki yake mwenyewe? Jumamosi baada ya kazi wakafagia meza ya kukatia, wakagawana vifungo vya mashati viwe dau. Anayeishiwa vifungo anainuka. Wawili wa mwisho ndio wenye likizo.

Wawili walitoka mapema, wakabaki watatu. Mkasi alikuwa na rundo zuri mbele yake. Mpiga pasi alibakiwa na vifungo vya kuchezea raundi moja, na mshona vifungo, mama mmoja mcheshi, alimzidi kidogo tu. Wakagawiwa karata mbilimbili, na Mkasi ndiye wa kwanza kusema.

Akachungulia zake: mfalme wa kopa na tisa ya uru. Si karata za kutambia, wala si za kutupa hivihivi. Siku nyingine asingefikiri mara mbili, maana Mkasi alikuwa mtu wa kucheza kila alichopewa, na madau mengi aliyowahi kupoteza yalikwenda kwa kuona aibu kusema "sichezi".

Akisukuma rundo lake, labda wangeogopa. Lakini waogope nini, na hawana cha kupoteza? Mfa maji haachi kutapatapa. Wangemfuata hata na karata za ovyo. Akishindwa na mmoja, rundo litapungua. Akishindwa na wote wawili, huenda mjukuu akazaliwa yeye yuko hapa anakata suruali. Akikaa kando, wale wawili watamalizana wenyewe, na mmoja akitoka, likizo ni yake. Tena kumtoa mzee yule kwa mkono wake mwenyewe, baada ya wema ule!

"Vipi, Mkasi, umeshonwa mdomo?" mshona vifungo akamtania.

"Mtaka yote hukosa yote, mwenzangu. Sichezi."

Walimtazama kana kwamba anaumwa. Mpiga pasi akasukuma vifungo vyake vyote, mshona vifungo akamfuata. Zikafunuliwa karata za mezani, zile ambazo kila mchezaji huziunganisha na zake: wafalme wawili, na tisa juu yake. Mkasi angewafagia wote! Moyo ulimchoma. Mshona vifungo alikuwa na jozi ya kumi, mzee hana kitu.

Mpiga pasi akainuka, akajinyoosha mgongo.

"Mzee wangu, nisamehe," Mkasi alisema. "Hii ilikuwa yako."

"Nikusamehe nini? Karata hazijui ukongwe. Nenda kamshike mwanao mkono, mimi na pasi yangu tumeshazoeana."

"Ahsante, baba. Ahsante sana." Na Mkasi, pamoja na ukali wake wote, akalia mbele yao.

Likizo ikafika, na uchungu ukaanza. Wodini, binti aliuma meno, akakunja shuka, mwisho akapaza sauti: "Mama!"

"Nipo, mwanangu," alisema Mkasi, na alikuwepo kweli.