Siku Niliyovaa Sare Kwenda Kuchukua Hati

Mpaka leo nikipita mbele ya ofisi ya chama chetu cha akiba na mikopo nashusha mtandio usoni, na nyie mnaonicheka kila siku bila kujua kisa, leo nawaambia.

Mnajua niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, nikawalea wadogo zangu watatu kwa kuuza kuku. Mwaka jana nilikopa milioni moja ya kupanua banda, nikaweka rehani hati ya nyumba ya Mandewa, ndiyo pekee tuliyoachiwa. Nilipomaliza rejesho la sita kati ya kumi na mawili, nikapiga hesabu zangu nyuma ya kalenda: nusu ya miezi, nusu ya deni. Nina laki tano, nakomboa hati leo! Kwa furaha nikawashonea wadogo zangu sare za kitenge (elfu thelathini kwa fundi, nami nikajishonea), tukaenda wanne kama kwaya.

Karani, Neema, binti mdogo kuliko mimi, akatazama daftari. "Shikamoo dada. Limebaki laki tano na elfu thelathini kasoro kidogo."

"Thelathini ya nani? Mwizi wewe! Unakula jasho la yatima!"

Foleni nzima ikageuka. Mzee mmoja akauliza, "Watu hawa wametoka harusini?"

Neema hakupandisha sauti hata kidogo. "Dada Siwema, ukiwa na kuku mia bandani, pumba unanunua kiasi gani?"

"Magunia mengi."

"Ukishauza nusu?"

"Yanapungua."

"Na riba ni hivyohivyo. Mwezi wa kwanza deni lote lilikuwa bandani, riba ikala sehemu kubwa ya rejesho kuliko miezi mingine, deni likapungua kidogo. Kila mwezi riba inakula kidogo zaidi, deni linapungua zaidi. Halafu ile ada ya elfu arobaini tuliyokata mwanzo, wewe ulibeba laki tisa na elfu sitini tu. Kwa hiyo mkopo umekugharimu zaidi ya asilimia iliyoandikwa kwenye fomu. Vitabuni tunaisambaza ada hiyo miezi yote pamoja na riba, kwa kufuata deni lililobaki. Hicho ndicho kiwango halisi, na mkopaji ana haki ya kukijua."

Mdogo wangu Hawa, anayesomea uhasibu kwa hela za kuku hao hao, akaninong'oneza, "Dada, yuko sahihi. Na kaeleza vizuri kuliko mwalimu wetu."

Nikamwomba Neema radhi mbele ya foleni ile ile. Kilichopungua ni elfu thelathini, na elfu thelathini tulikuwa tumeivaa. Tukarudi Mandewa kwa miguu, bila hati, tukipendeza kweli.

Mwezi uliofuata nilirudi na hela kamili, hati nikaishika mkononi. Nikampelekea Neema jogoo wa kumtuliza. Akakataa, akisema karani hapokei zawadi ya mkopaji, kisha akamnunua kwa bei ya sokoni na kudai chenji yake ya mia tano.

Nimeapa: kalenda yangu sasa ni ya kutazama tarehe tu. Hesabu nauliza kwanza, kitenge nashona baadaye.