Tulivyochuma Kiingereza

Wenzangu mliosoma shule za msingi za huku kwetu kabla simu hazijajaa mifukoni, mnakumbuka Kiingereza kilivyokuwa. Kilikuja baada ya mapumziko, jua likiwa utosini na tumbo limejaa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na maji, kikakaa ubaoni kama mgeni ambaye hakuna aliyemwalika lakini kila mtu analazimishwa kumsalimia. Nyumbani tulizungumza Kisukuma. Shuleni ilikuwa Kiswahili, na ukiteleza ukatamka neno la nyumbani unavishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umsikie mwingine akiteleza umrithishe. Kiingereza hakikuwa na kibao, kwa sababu hakuna aliyewahi kuteleza akakisema.

Shule yetu ilikuwa upande wa Nkololo, kati ya mashamba ya pamba na njia za ng'ombe. Kitabu kimoja kilisomwa na dawati zima. Aliyekaa katikati aliona maneno, waliokaa pembeni waliona picha na kidole gumba cha aliyekaa katikati. Tulisoma kwa sauti, darasa zima kwa pamoja, Mwalimu Sayi akigonga meza kwa fimbo kutupa mwendo. Ndimi zetu hazikuzoea herufi ya R, tuliiweka L mahali pake na "river" ikawa "liver", kwa hiyo mtoto wa kwenye kitabu hakuvuka mto, alivuka ini, na alipofika nyumbani mama yake hakumpikia wali, alimpikia chawa. Mwalimu Sayi hakutusahihisha. Naye alitamka hivyohivyo.

Baada ya kusoma yalikuja maswali ya ufahamu, na hapo ndipo darasa letu lilipoonyesha ufundi. Tuliuita kuchuma. Kwa asiyejua pamba: unaingia kwenye mstari, macho yanatafuta cheupe, na ukikiona mkono unakwenda wenyewe. Ndivyo tulivyozifanyia habari za Kiingereza. Hatukuanza na habari. Tulianza na swali, tukachagua neno moja nene, tukaingia nalo kwenye mistari, na tulipolikuta tulichuma sentensi nzima pamoja na majani yake tukaitupa kwenye daftari. Mara nyingi tulipata vema. Masanja, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa mchumaji hodari kuliko wote. Aliweza kupata maswali yote ya habari fulani, halafu ukimuuliza ile habari inahusu nini anakujibu kwa utulivu, "Inahusu maswali matano."

Pamba yenyewe nayo tuliichuma. Mama alitupeleka shambani umande ukishakauka, kamwe si kabla, maana pamba yenye umande ikifungiwa inaharibika. Jioni tulikaa kwenye turubai tukichambua, safi huku, fifi kule, ile iliyotobolewa na wadudu ikabaki na madoa ya njano. Vidole vilichubuliwa na ncha za vitumba vilivyokauka, na shavuni kila mtu alikuwa na kipande cha mchembe kinacholainika taratibu. Ukiteleza ukaweka fifi kwenye fungu la safi, mama hakugomba. Aliiokota ile fifi akakuwekea mapajani, akaendelea na kazi yake. Najua watu wa rika letu wanapenda kuzigeuza kumbukumbu kama hizi kuwa mafundisho ya maisha. Mimi sizigeuzi. Mama alitaka mnunuzi asiikatae pamba yake, basi.

Tulipofika darasa la saba tuliwekwa kambini. Wa leo wakisikia kambi wanawaza mahema na picha za kupiga. Kambi yetu ilikuwa kulala darasani juu ya mikeka, kula ugali na dagaa wa Nassa waliokuja na mchanga wa ziwa lao, na kufanya mitihani ya majaribio tangu asubuhi mpaka jioni. Katikati ya mitihani tulicheza rede, mpira wa soksi na nyuzi za magunia, na aliyelengwa mgongoni alirudi kwenye Kiingereza akiwa na alama ya vumbi.

Siku moja Mwalimu Sayi aliandika ubaoni habari ya kijana aitwaye John. John alikwenda shambani na nyoka akauma. Kiingereza kilisema nyoka aliuma "calf", na sisi tuliokulia kati ya ng'ombe tulilijua neno hilo kuliko jina la wilaya yetu. Ni ndama. Swali la kwanza likauliza nyoka aliuma nini. Darasa zima lilichuma "calf", na Mwalimu Sayi akatufafanulia kwa Kiswahili, asibaki mtu nyuma: nyoka alimuuma ndama wa John.

Tatizo langu lilikuwa aya iliyofuata. Mle ndani, majirani walimbeba John wakamkimbiza hospitali. Nilisoma mara ya pili nikidhani nimeruka mstari. Kisha nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama aliyeumwa ni ndama, mbona aliyepelekwa hospitali ni John?"

Masanja alinijibu kabla ya mwalimu. "Wewe Minza kwenu hamna ng'ombe, ndiyo maana. Ndama wako aumwe na nyoka, halafu usizimie?"

Darasa likaangua kicheko, na nikaona vichwa vikitikisika kukubali. Kwa watu wa kwetu jibu lile lilikuwa limekamilika. John alizimia kwa uchungu wa mali yake, tena kama hakuzimia basi hakuwa mfugaji. Mwalimu Sayi alingoja kicheko kiishe, akaniambia bila hasira, "Minza, mtihani haukuulizi mbona. Unakuuliza nini. Andika, kaa."

Nikaandika, nikakaa, nikapata vema. Wote tulipata vema, kwa sababu neno tulilochuma lilikuwa ndilo. Na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo kuliko kama tungekosa. Darasa zima lilielewa kisa kingine kabisa, mwalimu wake pia, na alama zikaja zilezile ambazo angepata mtoto aliyeelewa.

Nilikuja kukutana na neno lile tena kidato cha tatu, kwenye mchoro wa mguu wa binadamu katika somo la baiolojia. Mshale ulielekea nyuma ya mguu, chini ya goti, na mwisho wa mshale kulikuwa na ndama wa John. Nilicheka peke yangu mpaka nikatolewa nje. Huko nje nikawaza kwamba Waingereza ni watu wa ajabu kuita nyama ya mguu ndama, halafu nikakumbuka kwamba sisi tunaiita shavu la mguu, nikaacha kuwalaumu. Masanja alikuwa mkondo mwingine. Nilimtafuta mapumziko nikamweleza yote, kwamba nyoka alimuuma John mwenyewe, mguuni. Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo ndama alipona?"

Nimewasimulia haya kwa sababu sasa, nikiwa na shahada ya kilimo na nywele mbili za mvi nisizozitambua rasmi, nimerudi kwenye maswali ya ufahamu. Naishi Bariadi mjini kwa dada yangu, nyumba moja ambayo asubuhi huamshwa na honi za mabasi. Chuo kimoja cha nje kimenikubali nikasomee wadudu wa pamba, jambo nililolitaka tangu siku za turubai na fifi. Lakini kimeweka sharti: nifikishe alama yao kwenye mtihani wa Kiingereza. Niliufanya mara ya kwanza. Kuzungumza nilipita, kuandika nilipita, kusikiliza nilipita. Kusoma nilianguka. Imebaki nafasi moja ya kurudia kabla hawajampa mwingine kiti changu.

Nilikasirika siku kadhaa. Nimesoma chuo kikuu kwa Kiingereza, nimeandika tasnifu kwa Kiingereza, iweje nishindwe kusoma? Hasira ilipopoa nikafungua mazoezi, nikajitazama ninavyofanya, nikaona aibu. Nilikuwa bado nachuma. Macho yalikwenda kwenye swali kwanza, yakachukua neno nene, yakaingia shambani. Na wanaotunga mtihani ule wanawajua wachumaji. Wanatawanya vyeupe kwenye mistari ambayo haina jibu, na jibu lenyewe wanalifunika kwa maneno mengine kabisa.

Kibaya zaidi ni swali la aina moja. Unapewa sentensi, unatakiwa kusema kama kwa mujibu wa habari ni kweli, si kweli, au haikuelezwa. Hilo la tatu ndilo lililoniangusha. Katika utoto wetu wote halikuwepo. Kila swali lilikuwa na kitumba chake mahali fulani ndani ya habari, na kama hukukiona ni uzembe wako. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba inawezekana kabisa kuulizwa jambo ambalo jibu lake halimo.

Basi nikaanza upya. Kila asubuhi barazani, kabla jua halijapanda, habari moja na maswali yake. Msimamizi wangu ni Limi, binti wa dada, yuko kidato cha nne na ana dharau tamu ya wenye simu. Siku ya kwanza alinitazama nikihangaika na ukurasa, akanionea huruma.

"Mama mdogo, upige picha huo ukurasa. Simu inakufupishia yote kwa mistari mitatu."

Nikamwambia kwenye mtihani simu inabaki mlangoni. Akasema basi huo mtihani umepitwa na wakati. Kizazi hiki hakichumi hata kidogo. Kimeletewa pamba imeshachumwa, imeshachambuliwa, imeshasokotwa na kushonwa shati, na bado kinalalamika vifungo.

Jumamosi moja habari ilikuwa ya pamba, katika nchi moja ya mbali. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Sentensi mojawapo ilidai kwamba wakulima wa huko huanza kuchuma alfajiri. Nikaandika si kweli, nikapita bila hata kurudi kwenye habari. Limi, aliyeshika majibu, akasema nimekosa. Jibu ni haikuelezwa.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Alfajiri kuna umande. Hakuna anayechuma na umande."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa, lakini ndiyo ukweli. Muulize bibi yako."

Limi akaiweka ile karatasi magotini akanitazama. "Sasa mama mdogo, wewe umesoma habari au unaisimulia?"

Nilitaka kumgombeza kwa kunijibu vile. Badala yake nikairudia habari mstari kwa mstari nikiutafuta umande, na haukuwemo. Mimi ambaye tangu chuo najulikana kwa kuhoji kila kitu, wahadhiri, wachungaji, waganga, tangazo la maji mpaka tarehe ya sensa, sikuwahi kuhoji ninachokijua mwenyewe. Masanja alimpa John ndama wake. Mimi nimewapa wakulima wa nchi ya watu umande wa Nkololo. Na tofauti ni kwamba Masanja alikuwa mtoto.

Tangu siku ile tumeweka sheria. Nikijibu kweli au si kweli, lazima niweke kidole juu ya mstari unaosema hivyo. Kidole kikikosa pa kutua, jibu ni haikuelezwa, hata kama moyo unapiga kelele kwamba unajua. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Kuna asubuhi kidole kinatembea ukurasa mzima kama kuku anayetafuta pa kutagia, na Limi anapiga miayo makusudi. Lakini makosa yanapungua. Juzi kwenye habari ya nyuki nilikosa moja tu, na Limi akasema, "Unajitahidi, kwa mtu wa zamani."

Jana mama alikuja kutoka Nkololo na mfuko wa michembe. Alinikuta barazani, karatasi zimetandazwa, kidole kiko kwenye mstari. Akakaa, akasalimia, akakitazama kile kidole. Kisha akaniuliza kwa Kisukuma hawa watu wa mtihani wanataka nini hasa kwangu, maana amesikia nimesoma mpaka mwisho.

"Wanataka kujua kama naelewa ninachosoma, mayu."

Akaliwaza hilo. "Miaka yote ile shuleni, walikuwa wanataka kujua nini?"

Limi alicheka mpaka akaangusha majibu. Mimi swali lile lilinirudisha darasani kwa Mwalimu Sayi. Enzi zetu habari ilikuwa uzio kati yetu na maswali, na maswali yalikuwa uzio kati yetu na uwanja wa rede. Tuliruka vyote viwili upesi, tukiwa tumebebana, tukicheka, hakuna aliyebaki nyuma. Wepesi ule ninautamani, na kelele za darasa zima zikivuka ini kwa pamoja. Siku hizi ninasoma peke yangu, polepole, kwenye baraza ambapo kila mtu mwingine ana haraka na kifaa cha kumharakisha. Sidhani kama zamani ilikuwa bora. Ilikuwa na watu wengi zaidi ndani yake, hilo tu nina hakika nalo.

Jumatatu napanda basi la Mwanza kwenda kuurudia mtihani. Jana ileile nilimwomba mama asogee kidogo asinizibie mwanga, nikachukua habari mpya, nikafunika maswali yake yote kwa kiganja. Halafu nikaanza mstari wa kwanza, kama mtu asiyejua itaishaje.